Msituuzie bangi, na msitufungie watoto: barua ya wazi kutoka Chang'ombe, Dodoma

Kwa Waheshimiwa Wabunge. Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya. Kwa Ofisi ya Waziri Mkuu na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Na kwa madiwani wa Jiji letu la Dodoma.

Waheshimiwa,

Wakubwa zangu nawaamkia, wadogo zangu poleni na majukumu. Barua hii ni ndefu, na naomba mnivumilie hadi mwisho, kwa sababu jambo lenyewe limekaa ndani ya nyumba zetu.

Naandika kuhusu bangi. Mwaka 2019 hoja ya kuruhusu kilimo chake kwa ajili ya dawa na kuuza nje ilisikika ndani ya Bunge, hapahapa Dodoma, na tangu hapo haijalala. Inaibuka redioni, kwenye vijiwe vya kahawa vya Majengo, kwenye magrupu ya vijana wa vyuo. Wanaoitetea wana mifano ya majirani: Lesotho ilianza kutoa leseni mwaka 2017, Zimbabwe ikafuata 2018, Malawi ikapitisha sheria yake 2020, na Rwanda nayo imeruhusu kilimo cha kupeleka nje kwa matumizi ya tiba. Wanauliza, sisi tunangoja nini?

Ni swali la haki na sitalibeza. Ila katika mjadala wote huo nasikia dola, nasikia ekari, nasikia soko la Ulaya. Sijasikia mtu akiuliza nani atakesha na kijana anayesikia sauti zisizokuwepo, nani atamlisha, nani atamrudisha shule, na kwa fedha ya nani.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, sasa mstaafu. Maisha yangu yote ya kazi yamepita kwenye wodi za kanda hii ya kati, nikipokea wagonjwa kutoka Manyoni, Kondoa, Mpwapwa, Kongwa, Bahi na kwingineko. Msimamo wangu nausema mapema ili msiutafute: msifungue biashara ya bangi, na wakati huohuo acheni kumpeleka gerezani kijana aliyekutwa na msokoto mfukoni. Najua kuna watakaosema siwezi kushika yote mawili. Nimeyashika kwa miaka mingi kwa sababu nimeona biashara na gereza vinamuumiza mtoto yuleyule.

Nianze na wodini. Kijana aliyechanganyikiwa huletwa na ndugu watatu, wanne. Wamepanda basi la alfajiri, yeye amekalishwa kiti cha nyuma katikati ya wajomba zake, mikono imefungwa kwa kanga ya mama yake, na juu ya fundo wametupia koti ili abiria wasione. Mama anafuata nyuma na kikapu: sabuni ya mche, ndala, shuka, na ugali wa uwele uliofungwa kwenye kitambaa. Kazi ya kwanza ya muuguzi ni kufungua lile fundo. Unalifungua polepole huku unamsemesha kijana mwenyewe, siyo ndugu zake. Unamuuliza jina lake. Unamuuliza kama mikono inauma. Mara nyingi mikono inauma, na ngozi ya kifundo imechubuka, kwa sababu safari ilikuwa ya saa nyingi. Mama yake anageuza uso ukutani.

Ukikaa na familia, maelezo yanafanana mno. Alikuwa mtoto mtulivu. Alianza kuvuta akiwa na miaka 14 au 15, kijiweni au nyuma ya ukuta wa shule. Shule ikamshinda. Akaanza kucheka peke yake, akaanza kusema majirani wanapanga kumuua. Kwanza alipelekwa kwa mganga wa kienyeji, kisha kwenye maombezi, kisha kwa mganga mwingine wa mbali zaidi. Ng'ombe wameuzwa. Miezi imepita, wakati mwingine miaka. Hospitali inakuja mwishoni, familia ikiwa haina tena cha kuuza.

Sitaki kutia chumvi, maana jambo hili limeharibiwa na watia chumvi wa pande zote mbili. Si kila anayevuta bangi anaugua. Wapo wanaovuta na kulima, wanaovuta na kujenga nyumba za watu, wakazeeka salama. Makadirio ambayo wataalamu wameyatumia kwa muda mrefu ni kwamba takriban mtumiaji 1 kati ya 10 huingia kwenye utegemezi, na kwa walioanza wakiwa vijana wadogo inakaribia 1 kati ya 6. Ubongo wa binadamu unaendelea kukomaa mpaka karibu miaka 25. Anayeanza mapema, anayevuta kila siku, anayevuta iliyo kali, na ambaye kwao kuna historia ya maradhi ya akili, huyo ndiye aliye kwenye hatari kubwa ya kupata saikosisi, yaani kuchanganyikiwa hadi kusikia na kuamini yasiyokuwepo, na wengine hawarudi tena walivyokuwa. Wala bangi si peke yake inayojaza wodi. Pombe inaleta watu wengi sana, na hao nao ni watoto wetu.

Tena bangi ya leo si ile ambayo wazee walikuwa wakiijua. Kiwango cha THC, ile kemikali inayolevya, kimepanda sana kwenye mbegu za kisasa. Mamlaka ya dawa za kulevya yenyewe imekuwa ikitangaza kukamata skanka, ile bangi yenye THC nyingi, na biskuti zilizochanganywa bangi zimeshakamatwa nchini mwetu. Mtoto wa darasa la tatu hawezi kutofautisha biskuti na biskuti.

Sasa, waheshimiwa, wanaotaka biashara ifunguliwe wanatuambia: ikiwa halali itasimamiwa vizuri, itawekewa umri, itatozwa kodi, mtoto hataigusa. Hapa naomba tusiende mbali kutafuta ushahidi. Tunao hapa nyumbani.

Mnakumbuka viroba, vile vipakiti vidogo vya pombe kali. Vilikuwa halali. Vilitengenezwa na viwanda vyenye leseni, vikalipiwa kodi, vikapangwa dukani kando ya pipi na kalamu. Bei yake ilimfaa kila mtu, na udogo wake uliingia kwenye soksi ya mwanafunzi. Bodaboda walikuwa wanavifyonza kabla ya jua kuchomoza. Sheria ya umri ilikuwepo muda wote huo, na haikumzuia hata mmoja. Ilibidi Serikali ivipige marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na wenye viwanda na maduka walilalamika sana kuhusu mtaji waliopoteza. Niliipongeza Serikali siku ile na naipongeza leo. Lakini sijasahau kwamba kabla ya marufuku tulikaa navyo miaka, na kila mwaka kodi ilihesabiwa kama mafanikio.

Angalieni sigara. Sheria ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Nendeni genge lolote la Nkuhungu au Chamwino mkatume mtoto wa miaka 10 akanunue sigara moja moja. Atarudi nazo, na chenji ya kiberiti. Angalieni mashine za bonanza zilizosambaa kwenye vibanda vya vinyozi na mbele ya maduka ya mitaani. Tuna Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, tuna sheria, tuna umri uliowekwa. Na saa nane mchana utawakuta watoto wenye sare za shule wakitumbukiza sarafu za mia mbili walizopewa za kununulia mboga. Serikali imepata chake, mwenye mashine kapata chake, mama wa mtoto anashangaa kwa nini jioni hakuna mchicha.

Hivyo ndivyo kilevi na kamari vinavyotembea Tanzania vikishakuwa halali. Anayeniambia bangi itakuwa tofauti anieleze nani atasimama pale gengeni.

Wengine wananitajia Colorado, kule Marekani. Nawapa haki yao. Jimbo lile lilifungua maduka Januari 2014, sheria yao ikaelekeza sehemu ya kodi kwenye ujenzi wa shule, na uchunguzi wa wanafunzi haukuonyesha kwamba vijana wa sekondari walianza kuvuta zaidi. Lakini kule kila mche una namba yake ya kielektroniki unayofuatiliwa nayo tangu shambani hadi kaunta, duka lina kamera, na mnunuzi anaonyesha kitambulisho kuthibitisha ametimiza miaka 21. Hapa kwetu antibayotiki, dawa inayotakiwa cheti cha daktari, unainunua dukani kwa kuelekeza kidole. Na hata nchi zenye usimamizi mkali zimepata majeraha: Kanada, iliyohalalisha Oktoba 2018, ilishuhudia watoto wadogo wengi zaidi wakifikishwa hospitali baada ya kula pipi na keki za bangi walizozikuta nyumbani.

Mfano unaotufaa zaidi ni Thailand. Juni 2022 waliiondoa bangi kwenye orodha ya dawa za kulevya kabla sheria ya kusimamia soko haijakamilika. Nia iliyotangazwa ilikuwa tiba na kipato cha mkulima. Maelfu ya maduka yakafumuka mijini, bangi ikauzwa kwa starehe kila kona, na ilipofika Juni 2025 Serikali yao ikaamuru isiuzwe bila cheti cha daktari. Miaka mitatu. Katika miaka mitatu mtoto aliyekuwa na miaka 14 anafikisha 17, na huyo hafutwi kwa tangazo la Serikali.

Kuhusu mkulima nitasema kidogo tu, maana wapo wanaolijua zaidi yangu. Bangi ya dawa inayopokelewa Ulaya hailimwi kwa jembe la mkono pembeni ya mtama. Inataka nyumba za kulimia, maji ya uhakika, maabara, uzio, walinzi, na ada ya leseni ambayo Lesotho na Malawi imewaacha nje wakulima wadogo wengi, wakaingia wenye mitaji. Sisi wa Dodoma tunaishi kwenye nchi ya mvua haba. Mkulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi amelia miaka kwa miaka kuhusu soko la zao ambalo ni halali, linapendwa na linajulikana. Tukimaliza kwanza la zabibu na alizeti, hapo ndipo nitakaa kusikiliza habari ya utajiri wa bangi.

Na kuhusu tiba yenyewe, sina ugomvi na sayansi. Tarehe 2 Desemba 2020 Kamisheni ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya ilipiga kura 27 kwa 25 kuitoa bangi kwenye kundi la dawa zilizobanwa kuliko zote, kwa kutambua kwamba ina matumizi ya tiba. Kuna dawa ya kanabidioli, kemikali ya bangi isiyolevya, kwa aina nzito za kifafa cha watoto, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018. Ikihitajika hapa, iingie kama zinavyoingia dawa nyingine, isajiliwe na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iandikwe na daktari. Mofini inatoka kwenye jamii ya afyuni, na wagonjwa wa saratani pale Ocean Road wanaipata kupunguziwa maumivu, bila afyuni kuuzwa sokoni. Tena niseme lililonikaa moyoni: nimewahudumia wagonjwa wa kifafa wengi ambao tatizo lao lilikuwa kukosa fenobabitoni ya kawaida, dawa ya bei ndogo kabisa, mwezi baada ya mwezi. Anayewataja wagonjwa wa kifafa ili apate leseni ya shamba, na awatetee pia pale dawa zao za kila siku zinapokwisha zahanati.

Sasa nageukia upande wa pili, na naomba msiusome haraka, kwa sababu huu ndio unaosahaulika baada ya watu kusema "tumekataa, yameisha".

Hayajaisha. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, pamoja na marekebisho yake, ina vifungo vya miaka 30 na hata maisha. Kwa mfanyabiashara mkubwa anayepakia magunia, sina la kumtetea. Ninayemzungumzia ni saidia fundi wa miaka 19, aliyetoka kijijini kuja kuchanganya zege kwenye majengo yanayochipuka kila siku tangu Dodoma iwe jiji, anaishi geto na wenzake, akakutwa na misokoto miwili. Kiasi kidogo kina adhabu nafuu zaidi, lakini bado ni jinai, na njia yake inapita mahabusu.

Nimeyaona kwa mtoto wa jirani yangu. Alichukuliwa jioni akiwa kijiweni. Mama yake, anayeuza maandazi, alikwenda kituoni usiku ule. Kesho yake akauza vyombo vya biashara, karai na jiko la mkaa, ili apate fedha ambazo hazikuandikiwa risiti. Kijana akatoka. Baada ya miezi michache akakamatwa tena, safari hii mama hakuwa na cha kuuza, na kijana akaenda jela. Kituo sitakitaja na sitaki mtu atafutwe, kwa maana hadithi hii si ya kituo kimoja. Aliporudi alikuwa amekonda, anakohoa, na alikuwa amejifunza dawa ambazo hakuwahi kuzisikia kabla hajaingia. Aliomba kazi ya ulinzi, wakamtaka alete cheti cha polisi cha kuonyesha hana kosa. Mpaka leo anavuta, tena zaidi ya mwanzo. Mwambieni mama yule sheria imemsaidia nini.

Na kuna madhara mengine ya vifungo ambayo hayaonekani mahakamani, ila sisi wa wodini tunayaona. Hofu ya polisi inachelewesha tiba. Mzazi anaona dalili mapema, anajua mwanawe anavuta, lakini akifika zahanati anasema "ana malaria ya kichwa". Akisema ukweli anaogopa atakuwa amemkamatisha mtoto kwa mdomo wake mwenyewe. Nilikuwa nikiwaapia akina mama kwamba sitamwita askari. Baadhi waliniamini, baadhi wakaondoka na mtoto wao usiku. Zile wiki za mwanzo ndizo zenye thamani kubwa kwa mgonjwa wa saikosisi. Akitibiwa mapema, ana nafasi nzuri ya kurudi shule au kazini. Akifichwa mwaka mzima, kazi inakuwa ngumu mara nyingi zaidi. Sheria mliyoitunga kumlinda kijana inakuwa ndiyo inayomfungia ndani, pamoja na ile aibu yetu ya zamani ya kusema fulani ni "mtu wa Mirembe", kana kwamba hospitali iliyohudumia nchi hii tangu mwaka 1927 ni tusi.

Nchi nyingine zimepata njia ya kati, na hazikuhitaji kufungua maduka. Ureno tangu Julai 2001 mtu akikutwa na kiasi cha matumizi yake binafsi hapelekwi kwa hakimu, anapelekwa mbele ya jopo dogo la watu wenye ujuzi wa sheria, afya na ustawi wa jamii. Wanakaa naye, wanapima kama ana uraibu, wanamwelekeza kwenye tiba. Muuzaji bado ni mhalifu. Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliamua Septemba 2018 kwamba mtu mzima anayetumia faraghani kwake asihesabiwe mhalifu, na biashara ikabaki marufuku. Sisemi tuwaige neno kwa neno. Nasema wameweza kumtenganisha mgonjwa na mchuuzi, jambo ambalo sisi hatujalifanya.

Kwetu msingi upo tayari. Kata ina afisa mtendaji, mabaraza yetu yana wazee waliozoea kusuluhisha, halmashauri ina maafisa ustawi wa jamii, na siku hizi tuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba. Wawekeni pamoja kisheria: ofisa ustawi, muuguzi, mzee anayeheshimika, na mama mmoja wa mtaa. Kijana aliyekutwa na kiasi kidogo kwa mara ya kwanza, au ya pili, aende kwao. Asipofika, hapo ndipo mahakama iulize. Anayemuuzia mtoto, kwa upande wake, asipate huruma yoyote. Leo mambo yamepinduka: kijana anakamatwa, na muuzaji wa kete anayefahamika na mtaa mzima analala kwake.

Halafu iwepo tiba ya kumpeleka, kwa sababu jopo bila tiba ni kikao tu. Hapa nina neno kwa Waziri wa Afya hasa. Kliniki za methadone, dawa anayopewa mraibu badala ya heroini, tangu ile ya kwanza ya Muhimbili mwaka 2011, zimeokoa waraibu wengi wa heroini, na hapa Dodoma tunayo ya Itega. Tunashukuru kwa dhati. Lakini methadone haimsaidii aliyeathirika na bangi. Bangi haina kidonge chake. Tiba yake ni mazungumzo ya wiki na miezi, mshauri aliyefunzwa, familia kushirikishwa, shughuli ya kumshika kijana mchana, na kutibu ugonjwa wa akili kama umeshaingia. Hiyo inataka watu. Zahanati zetu nyingi hazina hata mmoja aliyesomea afya ya akili, na nyumba za upataji nafuu, hizi tunazoziita soba hausi, nyingi ni za kulipia kila mwezi, kiwango ambacho muuza maandazi hawezi kukifikia. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Hakikisheni tiba ya uraibu na afya ya akili imo ndani ya kifurushi cha msingi, na imo kwa maandishi.

Waheshimiwa wa elimu nao wasikwepe. Walimu wa malezi na ushauri wapo kwenye orodha ya kila shule, lakini wengi wana vipindi vya kufundisha wiki nzima na ushauri wanaufanya kwa kuvizia. Mwanafunzi akikutwa na bangi, njia rahisi ni kumfukuza. Mkimfukuza mtoto wa miaka 15 mmemkabidhi kwa kijiwe kwa mkono wenu. Na vyuo vyetu vikubwa vya hapa Dodoma vina maelfu ya vijana waliotoka mikoa ya mbali, wanaishi geto bila mzazi kwa mara ya kwanza, mabinti pia, ambao nao siku hizi wanavuta na ambao wakiugua huachwa peke yao haraka kuliko wavulana.

Naongeza moja la barabarani. Trafiki wetu wana kile kipimo cha kupuliza. Kinasoma pombe, hakisomi bangi. Bangi inapunguza kasi ya kufikiri na kukadiria umbali, na barabara ya kwenda Singida haimsamehi dereva aliyechelewa nukta moja. Wanaotaka kuhalalisha watuambie abiria wa bodaboda atalindwa na kipimo gani.

Mwisho wa maombi yangu ni takwimu. Kila mwaka tunasomewa kilo zilizokamatwa na ekari zilizoteketezwa, kutoka Kisimiri, kutoka Tarime, kutoka milima ya Morogoro. Ni kazi ya hatari na wanaoifanya nawaheshimu. Naomba taarifa hiyohiyo itusomee pia vijana wangapi wametibiwa, wana umri gani, wametoka wilaya zipi, wangapi wamerudi shule au kazini, na wangapi wamefungwa kwa kiasi kidogo. Ziwekeni kwa mkoa, tujue Dodoma yenye watu zaidi ya milioni 3 inasimama wapi. Bila namba hizo, anayedai bangi ihalalishwe na anayedai wote wafungwe wanapiga kelele gizani, na ninyi mtapiga kura mkiwa kwenye giza hilohilo.

Kwa hiyo hoja ya kuhalalisha ikirudi tena mezani kwenu, ikataeni upande wa biashara, na siku hiyohiyo leteni marekebisho ya kumtoa mtumiaji mdogo gerezani na kumpeleka kwenye tiba. Msiikatae nusu ya kwanza mkaona mmemaliza.

Kamati ya Bunge inayoshughulikia afya ikiniita, nitakuja. Kuna akina mama wa Chang'ombe na Kizota waliokubali kuja pamoja nami kueleza waliyoyapitia, mradi majina ya watoto wao yasitajwe. Tupeni siku na saa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi mstaafu wa afya ya akili,
Chang'ombe, Dodoma